Hukuniuliza kwa Nini Nasoma Kabala

Ilham mwanangu,

Assalaam alaykum. Naanza na hiyo kabla ya neno jengine lolote, ili ujue kwamba anayekuandikia ni mama yako yule yule, na bado anasalimia kama alivyofundishwa.

Umetoka na baba yako kwenda sokoni Balad kutafuta sanduku la safari, maana lile la zamani limeng'oka gurudumu. Mtachelewa. Baba yako akiingia Balad husahau alichofuata. Atasimama kwa muuza ubani, atasimama kwa muuza saa, atapatana bei ya kitu asichokitaka kisha aseme Allah karim na kuondoka. Kwa hivyo nina nafasi. Nimekaa kwenye kiti chako, meza nimeifuta, na barua hii nimeshaianza na kuichana sijui mara ngapi. Kila nikianza inatoka kama hotuba ya mtu anayejua anachosema. Mimi sijui ninachosema. Nimeamua iende hivyo hivyo.

Mambo ya chuo kikuu huko Dodoma sitakwambia. Shangazi yako Mwanaidi keshakutumia sauti ndefu kwenye simu, ya baridi ya huko, ya chandarua, ya wanaume wa chuoni. Ya pesa baba yako atayarudia uwanja wa ndege mpaka uombe ndege iondoke. Mimi nataka kukwambia jambo ambalo hukuniuliza. Siku ile uliponikuta uliniuliza nasoma nini. Hukuniuliza kwa nini. Nimesubiri uniulize, na sasa kesho unaondoka.

Unaikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili baada ya Alasiri, mwalimu wako wa hifdhi ya Qur'ani alikuwa mgonjwa, ukarudi mapema. Mimi nipo jikoni, kompyuta nimeiegemeza kwenye kopo la unga, sauti nimeifungulia kwa sababu najua niko peke yangu. Mwalimu wangu wa mtandaoni alikuwa anatusomesha herufi. Alef, bet, gimel, dalet, he, vav, zayin. Na mimi huku nakata vitunguu nikajikuta namfuatia kwa zile za Kiarabu tulizoimbishwa chuo cha Qur'ani Unguja, tukiwa watoto hatujui hata maana yake: abjad, hawaz, huti, kalaman. Zikaenda sawa! Moja kwa moja, kama watu wawili wanaoshuka ngazi moja. Nilikuwa nacheka peke yangu ulipoingia.

"Mama, unasoma nini?"

"Herufi."

"Za nani?"

"Za Kiebrania. Nasoma Kabala."

"Kabala ndiyo nini?"

Nimehudhuria darasa miezi kadhaa na sikuwa na sentensi moja ya kumpa mwanangu. Nikasema, "Ni elimu ya Mayahudi. Ya... ya mambo ya ndani. Mungu yukoje na sisi, na sisi tumekuja kufanya nini."

Ulisimama na mkoba begani. Ukasema "A'udhu billahi" kwa sauti ndogo sana, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Kisha ukauliza, "Baba anajua?" Nikasema anajua. Nilikuona usoni, hilo ndilo lililokuuma zaidi.

Toka siku hiyo nyumba yetu haijanyamaza. Ukiamka unawasha Suratul Baqara kwenye kile kispika kidogo cha jikoni. Nikitoka kazini naikuta inasoma. Nikitoka kuoga inasoma. Hukusema kwa nini na hukuwa na haja ya kusema, maana nani kwetu asiyejua Baqara inasomwa nyumbani kumfukuza shetani. Ulikuwa unakitoa kilichoingia, na uliamini kimeingia kwa kupitia mimi.

Na lile la zamzam. Hujui kama nilikuona. Nilitoka chumbani bila viatu nikakukuta umeinamia glasi, midomo inakwenda. Ukasoma, ukapuliza, ukasoma tena, ukapuliza. Halafu ukaiweka mahali pangu mezani na ukajifanya unatafuta sukari. Nilirudi nyuma, nikakohoa, nikaingia upya. Nikayanywa yote. Ulikuwa unaniangalia mpaka tone la mwisho. Nataka ujue sikukasirika. Niliyanywa kwa sababu ni maji ya baraka, na kwa sababu mwanangu ameyasomea, na kwa sababu sina hakika, labda kweli nayahitaji.

Sasa nikwambie kwa nini. Nitajaribu.

Tulipofika Riyadh ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa msimamizi wa ghala kule Sulay, nasi tukakaa karibu, chumba cha juu, malori yanapita chini kutwa, ukitia kidole dirishani kinatoka na vumbi. Mimi nikapata kazi hospitali. Watu wa nyumbani hawakusikia Sulay wala vumbi. Walisikia Saudia. Bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinambia kwenye simu, "Uko mlangoni kwa Mwenyezi Mungu, Zuhura. Sisi tuko mbali, tuombee." Nami nilijihisi hivyo kweli. Umra ya kwanza, tulipoiona Alkaaba, nililia mpaka baba yako akadhani nimepatwa na ugonjwa. Wewe ulikuwa mabegani kwake unamuuliza mama analilia nini.

Halafu nikahamishiwa Jeddah, mimi na wewe, baba yako akabaki na ghala lake anakuja akipata likizo. Na Makka ikawa karibu mno. Unachukua ruhusa ya umra kwenye simu, unapanda teksi, unakwenda, unarudi, kesho una zamu. Sijui ilianza lini. Nikikwambia ilianza siku fulani nitakuwa nakudanganya. Ni kama sauti ya friji: huisikii ikiwepo, unakuja kushtuka imenyamaza.

Kazi yangu unaijua, lakini sijawahi kukueleza inavyonifanya. Mgonjwa wa figo anakuja, namuunga kwenye mashine, damu inatoka chafu inarudi safi. Anashukuru, anakwenda zake. Siku ya pili yake au ya tatu yuko pale tena na damu ni chafu tena. Miaka mingi nimefanya hivyo kwa mapenzi, wallahi. Kisha siku moja namfunga mtu mkanda wa mkononi nikajiuliza, hivi mimi nafanya nini? Ninasafisha kitu ambacho hakisafiki. Na nikifa, atakuja mwengine asafishe. Ndiyo kazi niliyoletwa duniani?

Siku Bibi alipofariki nilikuwa namuunga mgonjwa. Simu ya shangazi yako ikalia mfukoni, sikuipokea. Nilipompigia baadaye alikuwa keshamaliza kulia, ananihadithia kwa sauti ya kawaida kabisa. Maziko Adhuhuri. Hakuna ndege inayowahi maziko yetu, mwanangu. Kesho yake nikaenda Makka kumfanyia umra, maana ndicho kitu pekee nilichonacho ambacho wao Unguja hawana.

Nilizunguka. Nikasoma dua zote ninazozijua na zile alizokuwa akizipenda yeye. Hakukuwa na kitu, Ilham. Sikulia. Ilikuwa kama kutembea kwenye ukumbi wa wodi: sakafu, taa, watu wanapita. Nikasema labda mzunguko unaofuata. Nikamaliza yote. Dereva wa teksi aliyenirudisha akanambia, "Allah yataqabbal," Mungu akubali, nami nikamuitikia kama mtu anavyoitikia. Nilifika nyumbani nikakupikia wali. Ulikuwa darasa la nne au la tano, ukaniuliza, "Umemuombea Bibi?" Nikasema nimemuombea.

Nani ningemwambia? Kwetu mtu anauza mikarafuu ya baba yake ili afike pale mara moja tu kabla ya kufa. Nimwambie mimi ninayefika nikipata siku ya mapumziko, kwamba nikifika sisikii kitu? Kwa hivyo nilikaa nalo. Nikazidisha. Niliswali zaidi, nilifunga Jumatatu na Alkhamisi, nikakuandikisha wewe hifdhi. Nisikufiche, sehemu ya sababu ya kukuandikisha ni kwamba nilitaka awepo mtu mmoja ndani ya nyumba hii ambaye anasikia.

Mwaka jana hospitali ikanipeleka Riyadh kwa mafunzo ya mashine mpya. Huko nikakutana na Mercy, Mkenya wa Nakuru, kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa waliopooza kutembea upya. Mkristo. Tulikuwa tunakula pamoja mchana kwa sababu ya Kiswahili tu, mwanzoni. Siku moja akanambia, "Dada Zuhura, wewe unakaa mtu ako na amani. Si ni juu ya kuishi karibu na Makka."

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Pengine kwa sababu hamjui mtu yeyote ninayemjua mimi. Nikasema, "Nikifika pale sisikii kitu."

Hakushtuka, hata kijiko hakukiweka chini. "Hata mimi," akasema. "Nimeimba kwaya tangu nikiwa msichana. Siku moja nikajipata naimba na mdomo tu, mimi mwenyewe siko."

"Ukafanya nini?"

"Usicheke. Nikaingia darasa ya Kabala. Kwa mtandao."

Nilicheka. "Ile ya wanaofunga kiuzi chekundu mkononi?"

"Uzi ni ya watalii, bana. Huyo mwalimu hata hataki kuulizwa mambo ya uzi."

Nilikaa wiki nzima na kile kiungo cha darasa alichonitumia kwenye simu. Nakifungua, nakifunga. Nilikuwa naogopa kama unavyoogopa wewe, tusidanganyane. Tumekulia kwenye maneno yale yale. Siku nilipoingia nilikuwa nimejitayarisha kuona sijui nini. Nikamuona bibi mmoja wa Kiyahudi, amejifunga kitambaa kichwani vizuri kuliko mimi, ana kikohozi, na paka wake anapita mbele ya kioo cha kompyuta akatufunika sote. Akasema, "Msiniambie mnaamini nini. Niambieni mnataka nini." Wakaanza mmoja mmoja. Wengine walitaka amani, wengine mume. Mercy akasema anataka wimbo wake urudi. Zamu yangu ilipokaribia nikajitoa darasani.

Nilikaa kitandani. Swali la mtoto wa chekechea! Nimewahi kutaka ikama, kile kibali cha kuishi huku, nimewahi kutaka zamu ya asubuhi, nimewahi kutaka wewe upone surua. Mimi mwenyewe nataka nini, sikujua. Niliporudi Jumapili iliyofuata, nilirudi kwa sababu ya swali lile. Si kwa sababu ya Kabala.

Nikueleze nilichofahamu? Ni kidogo na kimechanganyika. Alisema zamani hawakuwa wakimfundisha mtu elimu hii mpaka afike miaka arobaini, awe na ndoa yake, awe ameshiba kwanza Taurati. Nikajisemea, mbili ninazo. Alituchorea duara kumi zilizounganishwa kwa mistari, akasema ni njia ambazo kheri ya Mungu hushukia. Mimi nikaona mchoro wa mashine yangu ya kusafisha damu, na toka hapo sikuweza kuona kitu chengine. Akasema Mungu wanamwita Asiye na Mwisho. Hilo lilinikaa vizuri. Halafu akasema kabla ya kuumba, Asiye na Mwisho alijikunja, akajivuta nyuma, ili ulimwengu upate pa kukaa. Nikasema astaghfirullah kwa sauti kubwa, nikafunga kompyuta, nikaenda kutia udhu. Mungu ajikunje? Jumapili iliyofuata nikarudi. Usiniulize kwa nini, hapo ndipo ninapochanganyikiwa zaidi.

Na akasema neno lenyewe, Kabala, maana yake kupokea. Ni kukubali hasa, neno ni moja na la Kiarabu, moja na la kwetu. Mtu anakipokea alichopewa. Nikamkumbuka yule dereva wa teksi na Allah yataqabbal yake. Miaka yote naomba Mungu apokee kutoka kwangu. Sijawahi kuwaza kama na mimi kuna kitu natakiwa nipokee.

Sikiliza kilichotokea kazini baada ya hapo, uniambie wewe ni nini. Nina mgonjwa mmoja, bibi wa mtaa wa Karantina, wazee wake walitoka Nigeria kuja kuhiji wakabaki. Kila akija huniletea njugu kwenye kikaratasi. Kila akinipa namwambia samahani mama, sheria za hospitali. Nimemkatalia toka nimemjua. Wiki ile akaninyooshea kikaratasi, nikakichukua. Nikatafuna moja mbele yake. Yule bibi alicheka! "Qabilti!" anapiga kelele, "umekubali, leo umekubali," mkono unatikisika mpaka mashine ikaanza kulia na wenzangu wakaja mbio. Nilicheka na mimi. Na kifuani, hapa, kulikuwa na kitu. Kidogo. Dakika moja tu. Sijui kama ndiyo Kabala, au ni njaa, maana sikuwa nimekula chochote toka alfajiri.

Nikamuuliza mwalimu, mbele ya watu, "Mimi ni Muislamu na nitabaki Muislamu. Je, nafanya makosa kuwa hapa?" Alikohoa kwanza. Akasema, "Hilo siwezi kukujibu mimi. Na nikwambie ukweli, elimu hii ina nyumba yake, ina sala zake na sheria zake, na wewe humo ndani hukai. Unachungulia dirishani. Sikufukuzi. Lakini usijidanganye kuwa umeingia." Wengine darasani waliona amenivunjia heshima. Mimi nililala vizuri siku hiyo kuliko siku nyingi. Nilikuwa nimeambiwa mahali nilipo.

Baba yako nilimwambia mapema, alipokuja likizo. Alikuwa anakula samaki. Akauliza, "Unaswali?"

"Naswali."

"Unafunga?"

"Nafunga."

"Unatia dawa kwenye chakula changu?"

"Khamis!"

"Basi tatizo ni nini?"

"Tatizo ni kwamba sijui tatizo ni nini."

Akaniangalia na mwiba mkononi. "Nikitoka ghalani Sulay usiku," akasema, "na mimi hukaa ndani ya gari kabla ya kuwasha. Nakaa tu. Sijui nasubiri nini." Kisha akaendelea na samaki wake. Kesho yake akanipigia akiwa njiani kurudi Riyadh: "Lile jambo usimwambie mtu wa huku, tafadhali." Kwa hivyo usimlaumu. Hakukuficha wewe. Alikuwa ananificha mimi.

Kuna jambo la zamani linalonirudia siku hizi. Tuko Riyadh, una miaka sita au saba, umeme umekatika, umelala kifuani kwangu unatoka jasho. Ukaniuliza, "Mama, Mungu anatusikia wote kwa pamoja? Hachanganyikiwi?" Nikakwambia, "Usiulize hivyo. Ni vibaya." Uliniuliza mengine baadaye, nikakwambia hivyo hivyo, mpaka ukaacha kuniuliza. Sikuwa na ubaya, nilikuwa naogopa, maana na mimi nilipouliza nilijibiwa hivyo. Lakini ukatafuta wenye majibu, na wenye majibu hawakosekani. Ulipokuja kuwa mtu wa hakika nilijisifu kwa majirani. Sasa naona nilikufungia mlango mmoja tu, ule wa kwangu, na ukaenda kuingia wa watu.

Sijui kama nimelisema sawa. Sikusudii kwamba uliyojifunza ni mabaya. Nikikusikia unasoma Qur'ani asubuhi, hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba hii. Basi, niache, nisonge mbele.

Ijumaa iliyopita ukanambia, "Twende umra kabla sijaondoka, mimi na wewe." Ndiyo maneno mengi kuliko yote uliyonambia toka Jumapili ile. Nilifurahi, na nilijua pia kwamba unanipeleka kunisafisha. Tulipoanza kuzunguka watu walikuwa wengi, ukanishika mkono wa baibui, kwa vidole viwili, kama ulivyokuwa ukinishika sokoni ukiwa mdogo. Hukuniachia mpaka tulipomaliza. Nilikuwa naangalia vile vidole zaidi kuliko nilivyoangalia kitu chengine, Mungu anisamehe.

Tukakaa kungoja Magharibi. Ukanipa maji. Ukauliza, macho yako kwenye Alkaaba, "Mama, leo umesikia kitu?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ungeondoka na moyo mweupe. Nikasema, "Sijasikia kitu."

Nikangoja useme a'udhu billahi. Hukusema. Bila ya kunigeukia ukasema, "Kwani wewe pia?"

Adhana ikaanza hapo hapo. Watu wakainuka, tukapanga safu, tukaswali. Tulipotoka ulikuwa mbele yangu unakwenda haraka, na kwenye teksi ulifumba macho. Hukulala. Nakujua ukilala.

Nimelichukua neno lako lile nikaligeuza kila upande. "Pia." Labda lilikuponyoka. Labda ulikuwa na maana nyengine nami nimesikia ninachotaka kusikia, na kama ni hivyo nisamehe, ichane barua hii uitupe uwanja wa ndege. Lakini nimekuwa nikiwaza kile kispika cha jikoni. Nilidhani unamsomeshea mama yako. Sasa najiuliza ulikuwa unamsomeshea nani. Ni muda gani, mwanangu? Umekaa nalo peke yako muda gani, na mimi niko chumba cha pili nimekaa na la kwangu?

Jibu lako ni hili: ndiyo. Mimi pia. Toka alipofariki Bibi, na pengine kabla.

Sikwambii usome Kabala. Sikwambii usisome. Mimi mwenyewe sijui kama Jumapili ijayo nitaifungua ile kompyuta. Mercy amenitumia ujumbe kuniuliza kama nitakuwepo na sijamjibu. Yeye wimbo wake haujarudi, lakini anasema ameanza kupiga mluzi. Kama ungenishika mkono sasa hivi ukaniuliza, mama, umepata ulichokuwa unatafuta, ningekwambia sijakipata, na bado sina hakika ni nini. Nimepata swali tu, na watu watatu wa kukaa nalo, Mercy, mwalimu na baba yako, na wa nne nilikuwa nampikia kila siku sikumjua.

Huko Dodoma utakutana na watu wengi wanaosikia. Wengine wanasikia kweli, waheshimu. Ila siku utakayosimama kuswali na ukaona hakuna kitu, usiongeze sauti ili ujifunike. Swali hivyo hivyo, kavu. Kisha nipigie. Usipange maneno, usinionee huruma. Sema tu, "Mama, leo hamna." Sitakusomea aya na sitakutajia duara kumi. Kama na kwangu hamna nitakwambia hamna, na kama siku hiyo kipo nitakwambia kipo, bila ya kuringa. Halafu tutakaa kwenye simu mpaka salio liishe, wewe huko na mimi huku, hakuna anayemfundisha mwenziwe.

Mama yako,
Zuhura